Lafudhi ya Seli: Saratani ya Umio Inaanzia Wapi?

Kuna sauti moja imezunguka sana kwenye simu za watu hapa Wete, Pemba. Nimeisikia barazani, nimeisikia dukani, nimeisikia ndani ya gari ya Chake. Msemaji hajitaji jina. Anasema ute ndio mama wa maradhi yote, kwamba saratani ya koo ni ute uliooza mwilini, na kwamba mwenye kiungulia ajihesabu keshabeba mbegu yake. Mwisho anataja bei ya unga wake wa kusafisha ute.

Wiki hiyohiyo jirani yangu, mama wa makamo, alinijia baada ya magharibi na bahasha mkononi. Kaka yake alikuwa amerudi kutoka India alikokwenda kupimwa. Ndani ya bahasha mlikuwa na ripoti ya Kiingereza, na mwanawe anayesoma Unguja alikuwa keshapiga mstari chini ya sehemu moja: MUC5AC, na pembeni yake alama ya kujumlisha.

"Mwalimu," akaniuliza, "hii MUC ndio huo ute wanaousema? Ndio uliomla kaka yangu?"

Nimesomesha baiolojia skuli kwa miaka mingi, na sikumbuki kuulizwa swali zito kama lile. Uzito wake ni kuwa nusu yake ni kweli. MUC ni jina lililotokana na ute. Lakini ute haukumla kaka yake. Nilimwomba anipe siku mbili niisome ripoti kwa utulivu, na haya ninayoyaandika ndiyo niliyomweleza, pamoja na mengine ambayo nadhani kila aliyesikia sauti ile anastahili kuyajua.

Koo si umio

Sisi tukisema "koo" huwa tunachanganya vitu vitatu. Koo lenyewe ni pale nyuma ya mdomo, panapopita hewa na chakula pamoja. Koromeo ni kile kifundo cha mbele ya shingo kinachopanda na kushuka ukimeza. Ndani yake ndimo inamotoka sauti. Umio ni njia ya chakula peke yake: mrija wa misuli, kiasi cha sentimita 25 kwa mtu mzima, unaoshuka nyuma ya bomba la hewa, ukapita kifuani, ukatoboa kiwambo kinachotenga kifua na tumbo, ukaingia tumboni. Saratani ya koromeo huanza kwa kubadilisha sauti. Saratani ya umio huzuia tonge. Watu wawili wanaweza wote kusemwa mtaani kuwa "wana saratani ya koo", na wakawa na maradhi mbalimbali na tiba mbalimbali.

Sasa tuingie ndani ya umio. Mwili wote umejengwa kwa seli, vyumba vidogo vya uhai visivyoonekana kwa jicho. Ukuta wa ndani wa umio umeezekwa kwa seli bapa, tabaka juu ya tabaka, kama makuti juu ya paa. Za juu huchakaa kwa kupitiwa na chakula mchana na usiku, hukwanguka, na mpya hupanda kutoka tabaka la chini kabisa kuziba nafasi. Tumbo halikuezekwa hivyo. Kule seli ni ndefu, zimesimama safu moja, bega kwa bega kama watu kwenye sala ya jamaa, na kazi yao kubwa ni kutoa ute.

Pale umio unapokutana na tumbo pana mpaka. Daktari akiingiza kamera huuona kwa macho: juu ni weupe uliofifia, chini ni wekundu, na katikati mstari uliopinda-pinda. Ushike mstari huo, maana sehemu kubwa ya hadithi yetu imo pale.

Ute ni kitu gani

Kiswahili kimetusaidia hapa. Ile sehemu ya yai isiyokuwa kiini tunaiita ute wa yai. Na kweli, kinachoufanya ute wa yai uwe mzito, usitiririke kama maji ukilipasua, ni protini ya jamii ileile inayotengeneza ute wa mwilini mwetu. Jamii hiyo wanasayansi wanaiita musini.

Musini ni mnyororo mrefu wa protini ulioota matawi ya sukari pande zote. Mtazame paka aliyeshtuka, mkia wake ulivyosimama manyoya: uti wa katikati ndio protini, manyoya ndiyo sukari. Manyoya hayo hushika maji, na maji yaliyoshikwa hivyo ndiyo utelezi. Utelezi huo umo kwenye mate, kwenye kamasi, kwenye jicho, kwenye utumbo, kwenye njia ya uzazi. Tumboni kazi yake ni kubwa zaidi, kwa sababu tindikali inayoyeyusha nyama uliyokula ingeliyeyusha na tumbo lenyewe kama lisingekuwa limejipaka ute. Mtu anayekuuzia unga wa kuondoa ute wote mwilini, lau unga wake ungefanya kazi, angekuwa anakuuzia vidonda vya tumbo. Hili nalisema kwa uchungu, kwa sababu nimeona pesa za nauli ya hospitali zikinunuliwa pakiti za unga huo.

Wako na wanaosema kinyume chake, kwamba mgonjwa ale bamia na mlenda kwa wingi ili ute wa umio uongezeke. Utelezi wa bamia ni sukari za mmea, hauna musini. Mgonjwa akiona bamia inamrahisishia kumeza, na ale kwa raha zake, lakini hakuna kinachobaki ukutani.

Mwanadamu ana aina 20 hivi za musini, kila moja na jeni yake, yaani maagizo yake yaliyoandikwa ndani ya seli. Zimepewa herufi MUC na namba, na namba imefuata zaidi mfuatano wa kugunduliwa. Haina maana ya ubaya wala daraja. MUC5AC hutolewa na seli za juu za ukuta wa tumbo. MUC6 hutoka ndani zaidi, kwenye tezi za tumbo zilizozama. MUC2 ni ya utumbo, hutolewa na seli fulani zilizovimba kama kikombe. MUC1 haimwagiki kabisa; imejishikiza juu ya ngozi ya seli kama ua la nyumba, na hata seli bapa za umio zinayo.

Kwa hiyo kila mtaa wa mwili una ute wake.

Lafudhi

Akiingia mtu duka la Darajani, mjini Unguja, akaagiza kitu, muuzaji hujua kabla hajamaliza kama ni Mpemba, Mtumbatu au mtu wa Makunduchi. Hakuonyeshwa kitambulisho. Kasikia lafudhi. Musini ni lafudhi ya seli. Ukiikuta seli inatoa MUC5AC, unajua inasema lahaja ya tumbo. Ukiikuta inatoa MUC2, inasema lahaja ya utumbo.

Maabara wanaisikilizaje? Kinyama kilichochukuliwa kwa kamera, kidogo kuliko punje ya mchele, hugandishwa ndani ya nta, kikakatwa vipande vyembamba kuliko unywele. Kipande hupakwa kingamwili, aina ya protini inayokamata kitu kimoja tu na kuacha vyengine vyote. Kingamwili ya MUC5AC hukamata MUC5AC. Palipokamatwa hutiwa dawa inayogeuka rangi ya kahawia. Mtaalamu akitazama kwenye darubini akaona kahawia, anaandika alama ya kujumlisha. Basi. Ile alama iliyomkosesha jirani yangu usingizi ilikuwa na maana ya "tumeiona rangi". Haisemi kirusi, haisemi sumu, haisemi kwamba maradhi ni makali au mepesi.

Lakini lafudhi ina mpaka wake, na hapa naomba msomaji asimame kidogo. Mtoto aliyezaliwa Konde, huku Pemba, akalelewa Ng'ambo, mjini Unguja, tangu ana miaka mitatu atasema Kiunguja kitupu. Ukimsikiliza utaapa kwamba ni mtoto wa mjini. Lafudhi imekwambia anasema nini leo. Haikukwambia kazaliwa wapi. Seli nazo ni hivyohivyo. Zinaweza kubadilisha lugha, na seli za saratani zaidi: nyengine husahau lugha yao, nyengine huchanganya mbili, nyengine huanza kusema lahaja ambayo mtaa wao haujawahi kuisikia. Wanasayansi wamebishana kwa zaidi ya miaka 70 juu ya saratani moja ya umio kwa sababu ya jambo hilihili.

Saratani mbili, jina moja

Umio una saratani kubwa mbili. Ya kwanza huanza kwenye yale makuti, seli bapa, na inaitwa saratani ya seli bapa. Ya pili hufanana na tezi, yaani seli zenye kazi ya kutoa majimaji na ute, na inaitwa adenokasinoma. Mwaka 2020 walikadiriwa watu 604,000 duniani waliogunduliwa na saratani ya umio, na waliofariki kwa saratani hiyo walikuwa kiasi cha 544,000. Wengi mno kati yao, zaidi ya wanane katika kila kumi, walikuwa na aina ya kwanza.

Ramani yake haiko sawa. Upande wetu wa Afrika kuna ukanda unaoshuka kutoka Ethiopia, ukapita Kenya, Tanzania na Malawi mpaka Afrika Kusini, ambako saratani ya seli bapa ya umio imeenea kuliko kawaida. Marekani na Ulaya Magharibi mambo yamepinduka: tangu miaka ya 1970 adenokasinoma imepanda kwa kasi, hasa kwa wanaume weupe, pamoja na unene na kiungulia cha muda mrefu.

Mtandaoni tunasoma zaidi yaliyoandikwa huko. Ndiyo maana sauti ya kwenye simu inatutisha na kiungulia, na haisemi neno juu ya mambo yaliyo kwenye sahani zetu na vikombe vyetu.

Makuti yaliyogeuka bati

Mwaka 1950 daktari wa upasuaji wa London, Norman Barrett, mzaliwa wa Australia, aliandika juu ya wagonjwa ambao sehemu ya chini ya mrija wao wa chakula ilikuwa na ukuta kama wa tumbo. Yeye aliamini kwamba lile ni tumbo lenyewe lililovutwa juu likaingia kifuani. Mwaka 1953 madaktari Allison na Johnstone wakaonyesha kwamba ni umio, ila umebadilika ukuta. Barrett mwenyewe alikubali mwaka 1957. Hali hiyo inaitwa kwa jina lake mpaka leo, ingawa maelezo yake ya mwanzo yalikuwa na makosa. Nayo ndiyo hatua inayojulikana zaidi kabla ya adenokasinoma.

Inakuwaje? Kwa miaka tindikali na nyongo hupanda kutoka tumboni na kuuchoma umio. Makuti yanaungua, yanaota mengine, yanaungua tena. Kwa watu wengine siku moja paa linaacha kuezekwa kwa makuti: panasimama safu ya seli ndefu zenye ute, zinazostahamili tindikali. Ni kama mtu aliyechoka kuvujiwa akabadilisha makuti kwa bati. Na kwa wengine miongoni mwao, baada ya miaka mingi, ndani ya bati hilo huanza saratani.

Swali ni hili: mafundi wa bati wametoka wapi?

Rai moja ni kwamba ni mafundi walewale wa makuti waliojifunza kazi mpya, yaani seli bapa zenyewe zimegeuka. Rai ya pili inasema ni mafundi wa tumboni waliovuka mpaka wakapanda juu. Ya tatu inazielekea tezi ndogo zilizozama chini ya ukuta wa umio, zinazotoa ute wa kulainisha chakula. Ya nne inasema ni seli za pale mpakani penyewe, ambazo si za huku wala za kule.

Musini ziliitwa kutoa ushahidi mapema. Wataalamu walipopaka kingamwili kwenye ukuta wa Barrett, waliona vishimo ambavyo juu vina MUC5AC na chini vina MUC6, mpangilio uleule wa tezi za tumbo. Kati yake mna seli za vikombe zenye MUC2, lahaja ya utumbo, tena mahali ambapo utumbo hauko karibu. Ukuta mmoja, lahaja mbili. Wenye rai ya tumbo walifurahi. Lakini tezi zilizozama za umio nazo hutoa MUC6, kwa hiyo wenye rai ya tatu hawakunyamaza. Na wenye rai ya kwanza walikuwa na jawabu la Konde na Ng'ambo: lafudhi hujifunzwa.

Majaribio ya wanyama hayakumaliza ubishi. Mwaka 1970 mtafiti Bremner na wenzake waliondoa ukuta wa chini wa umio wa mbwa na kuacha tindikali ipande, wakaona ukuta mpya ulioota ni wa seli ndefu. Panya, ambao ndio wanyama wa maabara tunaowategemea zaidi, hawana kabisa zile tezi zilizozama ndani ya umio, kwa hiyo rai ya tatu haiwezi kupimwa kwao ipasavyo. Mwaka 2017 watafiti wa Marekani walichapisha kwenye jarida la Nature kwamba wamezikuta seli za mpakani, kwa panya na kwa binadamu, zenye uwezo wa kujenga ukuta wa namna ya Barrett. Rai ya nne ikapata nguvu.

Mwaka 2021 likatoka jambo ambalo mimi naliona ndilo zito zaidi mpaka sasa. Kundi la watafiti la Cambridge, Uingereza, akiwemo Rebecca Fitzgerald, lilichapisha kwenye jarida la Science. Wao hawakutosheka na lafudhi. Walichukua vinyama vya wagonjwa wa Barrett, na vya umio na tumbo vya watu waliofariki wakachangia viungo, wakazisoma seli zake: jeni zipi zimewashwa ndani ya seli mojamoja, alama gani zimebandikwa juu ya DNA, yaani yale maandishi yanayobeba jeni, na makosa gani madogo ya DNA ambayo seli imerithi kutoka kwa seli iliyoizaa. Hayo makosa ya kurithi ndiyo nasaba. Mtu anaweza kubadilisha lafudhi, hawezi kubadilisha babu. Matokeo yalielekeza mpakani upande wa tumbo, ile sehemu ya juu kabisa ya tumbo inayogusana na umio: seli za pale, zikiwashwa jeni mbili zinazoitwa c-MYC na HNF4A, zinageuka kuelekea Barrett. Tena waliona kuwa hata adenokasinoma za wagonjwa ambao kamera haikuwaonyesha Barrett zina sura ya kutokea kwenye seli za namna hiyohiyo. Jambo hilo lina uzito, maana karibu nusu ya wagonjwa wa adenokasinoma huonekana hawana Barrett wanapogunduliwa. Huenda saratani imekwisha kuila ile ardhi iliyoota.

Ubishi haujafungwa kabisa. Lakini kwa sasa mafundi wa tumboni wamekaa mbele.

Kuna faida gani kujua? Ipo. Uingereza wamebuni kidonge chenye sifongo ndani kilichofungwa uzi. Unakimeza, kinayeyuka tumboni, sifongo inafunguka, wanaivuta kwa uzi, na njiani inakwangua seli za umio. Maabara hutafuta humo alama inayoitwa TFF3, protini ndogo inayotoka pamoja na ute wa seli za vikombe. Hakuna kamera wala usingizi wa dawa. Wazo lote hilo limesimama juu ya lafudhi: seli ya umio wenye afya haitakiwi kusema hivyo.

Je, mwenye kiungulia ana saratani?

Hana. Kiungulia ni maradhi ya mamilioni, na wengi hawapati Barrett maisha yao yote. Na kwa waliopata Barrett isiyokuwa na mabadiliko ya hatari, wanaofikia saratani kwa mwaka ni chini ya mtu 1 kati ya 100. Kiungulia cha mara kwa mara kwa miaka, hasa kwa mwanamme aliyevuka miaka 50, mnene au mvutaji sigara, ni sababu ya kwenda kuzungumza na daktari. Kiungulia cha baada ya urojo na biriani usiku wa harusi ni sababu ya kutolala mara tu ukishakula.

Yale yanayotuhusu sisi

Saratani ya seli bapa haisemi lahaja ya MUC5AC wala MUC2 kwa kawaida. Ni mtoto wa makuti. Huanza tabaka la chini, palipo na seli mama, na kabla haijawa saratani kuna kipindi ambacho seli zimeharibika mpangilio lakini hazijatoboa ukuta. Njia ya kuziona ni rahisi kiasi ambacho wanafunzi wangu wataitambua. Mnakumbuka tunavyodondoshea iodini kwenye kipande cha muhogo kikageuka bluu iliyo karibu na weusi? Seli bapa zenye afya nazo zimeweka akiba ya sukari, na zikinyunyiziwa iodini kwa kamera hugeuka kahawia. Zilizoharibika zimeitumia akiba yao, hazishiki rangi. Daktari anakata kinyama pale palipobaki peupe.

Kinachoziharibu ni nini? Tumbaku na pombe zinajulikana. Mwaka 2016 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vinywaji vya moto sana, zaidi ya nyuzi 65 za sentigredi, kwenye kundi la vitu vinavyoelekea kusababisha saratani ya umio. Kinacholaumiwa ni moto wake. Kahawa yenyewe haikulaumiwa, wala chai. Basi kahawa ya barazani ibaki, na kikombe kikishajazwa kiwekwe chini mpaka mdomo ukipokee bila ya kupuliza. Wazee wetu wengi hujisifu kwa kumeza ya moto kabisa. Naomba wajisifu kwa jengine.

La pili ni gumu zaidi kulisema hapa, kwa sababu limo kwenye heshima zetu. Tambuu. Popoo, chokaa, jani, na mara nyingi tumbaku, vinakaa shavuni kwa saa nzima. Shirika hilohilo limeiweka tambuu, yenye tumbaku na isiyokuwa nayo, kwenye kundi la vitu vilivyothibitika kusababisha saratani, ya mdomo na ya umio. Popoo peke yake imo kundi hilo. Bibi yangu alikuwa na kijaluba chake cha uraibu mpaka siku aliyofariki, na ninampenda pamoja na kijaluba chake, lakini kijaluba hicho sitamwekea mwanangu.

Hata hivyo, sayansi haijakamata kila mhalifu. Mwaka 2021 walisomwa DNA za saratani 552 za seli bapa za umio kutoka nchi nane, zikiwemo Kenya, Malawi na Tanzania, kwa matumaini kwamba pale ambapo ugonjwa ni mwingi patakutwa alama maalumu, kama moshi wa sigara unavyoacha alama yake kwenye mapafu. Haikukutwa. Nchi zenye wagonjwa wengi na zenye wagonjwa wachache zilifanana kwa kiasi kikubwa. Huenda baadhi ya visababishi, mfano kuungua kwa chai, havigusi maandishi ya DNA moja kwa moja. Vinazilazimisha seli ziote upya kila siku, na zenye makosa yake zikapata nafasi ya kuwashinda jirani zao.

Maneno mengine ya mtaani

"Saratani ikiguswa na chuma inaenea." Hofu hii imewafanya wagonjwa wengi waikimbie kamera, na wanarudi baadaye maji hayapiti. Kinyama kinachokatwa kwa kamera hakiufanyi ugonjwa uenee. Kinachoueneza ni muda. Umio ni mrija unaovutika, hukupa nafasi mpaka ugonjwa uwe mkubwa; mtu akianza kusema wali unakwama, kisha uji, kisha maji, ugonjwa umekaa muda. Kwa hiyo siku ya kukwama wali ndiyo siku ya kwenda hospitali, bila ya kusubiri uji.

"Kuna kipimo cha damu cha MUC." Vipo vipimo vya damu vinavyotafuta vipande vya musini. Kile cha CA 15-3 kinatafuta MUC1 na cha CA 125 kinatafuta MUC16; hutumika zaidi kufuatilia wagonjwa wa saratani ya matiti na ya ovari. Hakuna hata kimoja kinachotumika kumpima mtu mzima wa afya kama ana saratani ya umio. Ukiuziwa kama hicho, umeuziwa wasiwasi.

Bahasha

Nilimrejeshea jirani yangu ripoti siku ya tatu. Nilimweleza kwamba uvimbe wa kaka yake uko pale kwenye mstari, makutano ya umio na tumbo. Kwamba ni adenokasinoma. Kwamba seli zake zinasema lahaja ya tumbo, MUC5AC, na hazisemi ya utumbo, MUC2. Lahaja hiyo imewasaidia madaktari kujua wanashughulika na familia gani ya saratani, na familia ina maana kwenye tiba. Katika utafiti mkubwa wa Uholanzi uliochapishwa 2012, wagonjwa waliopewa dawa na mionzi kabla ya upasuaji walikutwa hawana tena hata seli moja ya saratani kwenye uvimbe uliotolewa kwa asilimia 49 kama ilikuwa ya seli bapa, na asilimia 23 kama ilikuwa adenokasinoma. Dawa zilezile, umio uleule.

"Kwa hivyo si ute," akasema.

"Si ute, mama. Ute umetuonyesha tu seli hizi zinasema lahaja gani."

Akanyamaza kidogo. Kaka yake anasafiri na boti Jumatatu kuelekea Bara kuonana na daktari, na akaniomba nimwandikie nyuma ya bahasha, kwa Kiswahili, maswali ya kuuliza. Nikaandika: ugonjwa umeanzia upande gani wa mstari? Umefika wapi? Tiba gani inaanza kwanza, na kwa nini hiyo?

Akaisoma, akanirudishia bahasha na kalamu. "Andika na hili, mwalimu, uliweke juu: njia itafunguliwa lini ale wali?"

Nikaliandika juu.